Ukimkosoa Samia, muuza mitumba ana makosa gani?

Msee wa Kariobangi, unakumbuka Mei 2025? Martha Karua alikataliwa kuingia Tanzania alipokuwa akienda kufuatilia kesi ya Tundu Lissu, halafu Boniface Mwangi akakamatwa hukohuko. Wakenya tukafurika X. Kuna waliomkosoa Rais Samia na serikali yake, na hiyo ni sawa kabisa. Lakini wengine waliishia kuwatusi Wabongo wote. Tarehe 28 Mei, Rais Ruto akawaomba majirani msamaha.

Sasa waangalie wanasiasa Wayahudi wa Marekani, ambao kwao jambo hili ni gumu zaidi. Myahudi akiikosoa Israeli, kuna wenzake watakaomwita msaliti. Akinyamaza, anahesabiwa kuwa anabariki kila bomu linaloanguka Gaza.

Tarehe 14 Machi 2024, Chuck Schumer, aliyekuwa kiongozi wa walio wengi katika Seneti, alisimama kuongea. Kwanza alijieleza: jina lake linatokana na neno la Kiebrania la mlinzi. Kisha akataja vizuizi vinne vya amani: Hamas na wanaoiunga mkono, Mahmoud Abbas, Waisraeli wenye siasa kali, na Benjamin Netanyahu. Umeona alivyopanga? Netanyahu yuko ndani, Waisraeli kwa jumla hawamo. Akamalizia kwa kutaka Israeli ifanye uchaguzi mpya. Republican walimrukia hata hivyo, eti anaingilia demokrasia ya wenyewe.

Bernie Sanders hazunguki hivyo, na mimi huyu ndiye namwelewa zaidi. Ndugu wengi wa baba yake waliuawa na Wanazi huko Poland, na mwaka 1963 aliwahi kuishi Israeli kwenye kibbutz. Akilaumu, husema "serikali ya Netanyahu". Aprili 2024 alimjibu Netanyahu mwenyewe kwamba kutaja idadi ya waliouawa Gaza si kuwachukia Wayahudi.

Hapa Nairobi, Juni 2019, Jaguar, wakati huo mbunge wa Starehe, alitishia kwamba wafanyabiashara wa kigeni, Watanzania wakiwemo, wangetolewa madukani na kupigwa. Serikali ya Kenya ilijitenga naye, na polisi wakamkamata. Lakini ile video ilikuwa imeshafika kwenye simu ya kila Mtanzania anayeuza mitumba jijini, na kesho yake alitakiwa kufungua kibanda kama kawaida.