Kumtafuta Mtu Ndani ya Jengo kwa Mawimbi ya Redio

Jioni ya tarehe 3 Desemba 1999, moto ulizuka katika ghala kuukuu la kuhifadhia vyakula kwa baridi mjini Worcester, katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Ghala hilo lilikuwa na ghorofa sita, nalo lilikuwa limeachwa bila matumizi kwa miaka mingi. Kuta zake zilikuwa nene, zimewekewa ndani matabaka ya kuzuia joto, na madirisha yalikuwa karibu hakuna. Askari wa zimamoto walipata habari kwamba huenda watu wasio na makazi walikuwa wakilala humo, wakaingia kuwatafuta. Wawili kati yao walipotea katika moshi. Kwa redio zao za mkononi walieleza kwamba hawakujua njia ya kutokea, na kwamba hewa katika mitungi yao ilikuwa ikiisha. Wenzao waliingia kuwatafuta, na wanne miongoni mwa hao nao hawakurudi. Hatimaye mmoja wa wakuu wao alisimama mlangoni akakataza mtu yeyote mwingine asiingie. Askari sita walikufa. Watu waliokuwa wakitafutwa walikuwa wamekwisha kutoka kabla ya zimamoto kufika.

Katika msiba huo limo swali la fizikia. Sauti za waliopotea zilifika nje, maana yake ni kwamba mawimbi ya redio yaliweza kupenya hadi kwa waliokuwa wakisikiliza. Walijua kwamba wenzao wako hai, na walijua hali waliyo nayo. Lakini mawimbi yaleyale hayakuwaambia yalitoka ghorofa gani, wala chumba gani. Kwa nini wimbi linaloweza kubeba neno la mtu lishindwe kuonyesha mahali alipo mtu huyo?

Kwa nini setilaiti hazitoshi

Nje ya jengo swali hilo lina jibu. Setilaiti za mfumo wa GPS huizunguka dunia zikiwa kwenye kimo cha kilometa 20,200 hivi, na kila moja hutangaza mahali ilipo na saa yake kwa usahihi mkubwa. Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya nuru, yaani kilometa 300,000 kwa sekunde, hivyo safari ya kutoka setilaiti iliyo utosini huchukua kiasi cha sehemu 7 kati ya 100 za sekunde. Chombo cha kupokelea hupima muda wa safari hiyo na kukokotoa umbali. Umbali kutoka setilaiti tatu ungetosha kuonyesha mahali. Setilaiti ya nne huhitajiwa ili kusahihisha saa ya chombo chenyewe, ambayo si sahihi kama zile za angani.

Mawimbi hayo, hata hivyo, hufika ardhini yakiwa dhaifu mno. Paa la mabati au sakafu ya zege huyadhoofisha zaidi, na katika jengo kubwa huenda yasisikike kabisa. Yale machache yanayoingia hupitia madirishani baada ya kugonga kuta za majengo ya jirani, na kwa hiyo hutoa umbali wa uongo. Hapana budi, basi, mtu aliye ndani atafutwe kwa njia nyingine.

Mwangwi wa redio

Mwalimu anaweza kulieleza tatizo hili kwa kupiga kofi mara moja katika ukumbi mkubwa usio na viti. Wanafunzi watasikia kofi lenyewe, kisha mwangwi wake kutoka kwenye kuta. Mawimbi ya redio nayo huakisiwa na kuta, mabomba, milango ya chuma na sakafu. Wimbi moja linalorushwa ndani ya jengo humfikia mpokeaji kwa njia nyingi, na kila njia ina urefu wake.

Katika nanosekunde 1, yaani sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara milioni elfu, wimbi husafiri sentimeta 30. Tuseme askari yuko mita 12 kutoka kwenye antena. Wimbi lililonyooka litafika baada ya nanosekunde 40. Wimbi lililogonga ukuta na kusafiri mita 18 litafika baada ya nanosekunde 60. Iwapo chombo kitalichukua wimbi la pili kuwa ndilo la kwanza, kitamweka askari huyo mita 6 mbali zaidi ya mahali alipo, yaani katika chumba kingine kabisa. Kosa la nanosekunde 20 latosha kuwapeleka waokoaji kwenye mlango usio wake.

Njia tatu zilizojaribiwa

Njia ya kwanza ni kupima nguvu ya mawimbi. Mahali pasipo vizuizi, umbali ukizidi mara mbili nguvu hupungua hadi robo. Ndani ya jengo kanuni hiyo huvurugika kwa sababu ya kuta na mwangwi. Mwaka 2000 Paramvir Bahl na Venkata Padmanabhan, watafiti wa kampuni ya Microsoft, walieleza namna ya kuutumia mvurugiko huo wenyewe. Walipima nguvu ya mawimbi kutoka vituo vitatu katika sehemu nyingi za ghorofa moja, wakaziandika tarakimu hizo katika kompyuta. Baadaye chombo kilipopima nguvu mahali fulani, kompyuta ilitafuta katika orodha tarakimu zilizofanana nazo zaidi. Kosa lao la kawaida lilikuwa mita 2 hadi 3. Njia hii yafaa hospitalini au madukani, lakini inadai jengo liwe limepimwa kabla. Nani angekwenda kulipima ghala lililotelekezwa?

Njia ya pili ni kupima muda kwa mipigo mifupi sana ya mawimbi. Mpigo wa nanosekunde 2 una urefu wa sentimeta 60 tu, kwa hiyo ule ulionyooka huwa umekwisha pita kabla mwangwi wake haujafika. Mipigo mifupi namna hiyo huhitaji upana mkubwa wa masafa, kiasi cha megahezi 500 au zaidi. Hali ikiwa nzuri, kosa hushuka hadi sentimeta 10 au 30, na tangu mwaka 2019 baadhi ya simu za mkononi zimewekewa vyombo vya aina hii. Ugumu wake ni kwamba ukuta mnene waweza kulidhoofisha wimbi lililonyooka hadi lisisikike, ukabaki mwangwi peke yake.

Njia ya tatu haitegemei jengo wala antena. Kifaa kidogo kilichofungwa kwenye kiatu hupima mchapuko wa mguu, na kompyuta hukokotoa mwendo. Mwanafunzi anayeijua kanuni s = ½at² ataona hatari iliyomo. Kosa dogo la mita 0.01 kwa sekunde mraba huzaa kosa la mita 18 baada ya dakika moja, na mita 72 baada ya dakika mbili. Watafiti waligundua dawa katika mwendo wenyewe wa binadamu: kila unyayo ukitua, kwa kitambo kidogo kasi yake huwa sifuri. Katika kila hatua kompyuta hujisahihisha, na makosa hayapati nafasi ya kulimbikizana upesi.

Kazi iliyoanza Worcester

Katika mji uleule uliopata msiba kipo chuo kiitwacho Worcester Polytechnic Institute. Msiba huo uliwasukuma wahandisi wake kutafuta namna ya kuwaona askari walio ndani ya moto. Walibuni vyombo vidogo vya kurushia mawimbi vya kuvaliwa na askari, na antena za kufungwa kwenye magari ya zimamoto yaliyoegeshwa nje, ili pasihitajike maandalizi yoyote ndani ya jengo. Adui wao mkubwa alikuwa mwangwi. Mpaka leo hakuna njia moja inayotosha peke yake katika kila jengo, na askari bado hufundishwa kushika kamba ya mwongozo na kutotengana na mwenzao.

Chombo kinachoweza kumwokoa mtu chaweza pia kumchunga. Kati ya mwaka 1989 na 1992, maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza, ilijaribu beji zilizotoa mwanga wa infraredi, ambao macho hayauoni, kila baada ya sekunde 15 hivi. Mwanga huo haupenyi ukuta, hivyo ilijulikana kwa hakika mfanyakazi yuko chumba gani, na simu zake zikapelekwa huko. Asiyetaka kujulikana alipo aliweza kuivua beji na kuiacha mezani. Askari anayeingia katika moto huvaa chombo chake kwa hiari, akitumaini kwamba aliye nje anamwona. Mfanyakazi, mgonjwa au mwanafunzi naye anastahili kuulizwa kabla hajavishwa.