Harufu ya Karoti Katika Maghala ya Baridi

Kaskazini mwa Ulaya, ambako ardhi huganda na kilimo husimama kwa miezi kadhaa, karoti zinazovunwa mwezi Oktoba huwekwa katika maghala yenye jotoridi la nyuzi 0 hadi 1 za Selsiasi na unyevu wa hewa unaokaribia asilimia 98, nazo huendelea kuliwa hadi majira ya kuchipua. Mzizi uliong'olewa, hata hivyo, bado uko hai: hupumua, hutumia sukari yake, na huendelea kutengeneza kemikali zinazoupa harufu.

Sehemu kubwa ya kemikali hizo ni terpeni, yaani viambato vya mafuta vinavyopeperuka upesi, ambavyo ndivyo pia huupa msonobari na ganda la limau harufu yake. Ndani ya karoti hukaa katika vifereji vyembamba vya mafuta, na huwa vingi zaidi karibu na shingo, ndiyo maana kipande cha juu, penye majani, huwa kikali kuliko ncha. Vipimo vya maabara vimeonyesha kwamba terpeni zaweza kuongezeka karoti zinapokaa kwenye baridi kwa muda mrefu, ilhali sukrosi, iliyo sukari kuu ya mzizi uliokomaa, huvunjwavunjwa polepole kuwa glukosi na fruktosi. Badiliko hilo lina uzito, kwa kuwa ulimi haupimi terpeni peke yake. Utamu hufunika ukali, na sukari ikipungua huku terpeni zikizidi, karoti ileile huja na ladha ya utomvu wa mti.

Kwa upande wa uchungu, baridi husingiziwa bure. Matofaa na peasi hutoa ethilini, gesi isiyoonekana ambayo ni homoni ya kuivisha matunda, na karoti ikikutana nayo, iwe ghalani au ndani ya friji ya nyumbani, huharakisha upumuaji na kutengeneza methoksimeleini, kiambato kichungu ambacho ni kinga yake dhidi ya kuvu. Kwa kuwa kiambato hicho hulimbikizana hasa kwenye ganda, kumenya huondoa sehemu kubwa ya uchungu huo. Lakini karoti iliyochubuliwa au kukatwa hukitengeneza kwa wingi zaidi, hivyo uvunaji wa pupa huharibu ladha kabla mlango wa ghala haujafungwa. Baadhi ya wakulima wa Uingereza huacha karoti zao ardhini badala ya kuziweka ghalani, wakizifunika kwa tabaka nene la majani makavu ya ngano, na kuzing'oa kadiri soko linavyohitaji.