Bakteria wa tumboni wanaozishinda dawa za mwisho hospitalini

Juni 2011, mgonjwa mmoja alihamishwa kutoka New York kwenda hospitali ya utafiti ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, iliyopo Bethesda, Maryland. Madaktari walijua mapema kwamba amebeba Klebsiella sugu. Wakamtenga, na kila aliyeingia chumbani alivaa glovu na gauni. Katikati ya Julai akaruhusiwa, ikaonekana mambo yamekwisha.

Wiki tatu baadaye bakteria yuleyule akapatikana kwa mgonjwa mwingine. Kufikia mwisho wa mwaka walikuwa wagonjwa 18, na vifo sita vilihusishwa moja kwa moja na maambukizi hayo. Watafiti walisoma vinasaba vya bakteria waliopatikana kwa kila mgonjwa, wakabaini kwamba chanzo ni yule wa kwanza. Kumbe katikati walikuwepo watu waliombeba kimyakimya, bila homa wala dalili yoyote. Alikutwa pia kwenye mabomba ya kutolea maji machafu ya masinki, na kwenye mashine ya kupumulia iliyokuwa imeshasafishwa. Hospitali ililazimika kuajiri watu wa kusimama na kuangalia kama wahudumu wananawa mikono.

Hiyo ni hospitali yenye fedha na vyumba vya kutosha. Sasa fikiria wodi ambayo watoto njiti wawili wanalala kitanda kimoja, na muuguzi mmoja anawahudumia kumi na zaidi.

Klebsiella na E. coli ni wakazi wa kawaida wa utumbo. Wakiwa humo, mara nyingi hawana shida na mtu. Tatizo huanza wanapofika pasipo pao: kwenye damu kupitia kanula, kwenye kibofu kupitia mpira wa mkojo, kwenye mapafu kupitia mashine ya kupumulia, au kwenye kidonda cha upasuaji. Wanaoumia zaidi ni watoto wachanga, hasa njiti, wagonjwa wa saratani na waliolazwa vyumba vya uangalizi maalumu.

Dawa nyingi zikishindwa, daktari hukimbilia kundi la karbapenemu, kama meropenemu, zinazotolewa kwa sindano ya mshipa. Bakteria hawa sugu hutengeneza kimeng'enya kinachoivunja dawa kabla haijawadhuru. Kibaya zaidi, maelekezo ya kutengeneza kimeng'enya hicho mara nyingi yamo kwenye kipande cha vinasaba kinachohamishika, hivyo bakteria mmoja anaweza kumpa jirani yake, hata wa aina nyingine. Kwetu si habari ya mbali. Mwaka 2014 watafiti jijini Mwanza walichapisha matokeo yaliyoonyesha vinasaba vya usugu huu kwa bakteria waliotoka kwa wagonjwa wa hospitali ya rufaa.

Wazazi wengi huuliza: mtoto ameambiwa ana bakteria sugu kwenye choo, mbona hapewi dawa? Kubeba bakteria si kuugua. Anayebeba bila dalili hapewi antibayotiki, kwa sababu dawa hizo huua bakteria wema wa utumbo na kumwachia yule sugu nafasi ya kuongezeka. Anayeugua ndiye anayetibiwa, na hapo maabara ina kazi kubwa: damu au mkojo huoteshwa, kisha bakteria hupimwa ni dawa gani bado inamweza. Majibu huchukua siku kadhaa, na ndugu wa mgonjwa huona kama wanacheleweshwa. Wakati mwingine hatua muhimu kuliko zote ni kuondoa mpira wa mkojo au kanula iliyoleta maambukizi.

Zipo dawa. Kolistini ni ya zamani, iliwahi kuwekwa pembeni kwa sababu huumiza figo, sasa imerudishwa kazini. Mchanganyiko wa seftazidimu na avibaktamu uliidhinishwa Marekani mwaka 2015 na umesaidia wengi, ila hauwezi peke yake bakteria wenye kimeng'enya kiitwacho NDM. Hao huhitaji kuongezewa aztreonamu. Bei ya dawa hizi mpya ni kubwa, na si kila hospitali inazo.

Kwa hiyo kinga ndiyo inayobeba mzigo, na njia kuu ya kusambaa ni mikono. Mwombe muuguzi au daktari anawe au atumie kitakasa mikono kabla ya kumgusa mtoto wako. Najua wengi wetu tunaona ni utovu wa adabu kumwambia hivyo mtu aliyevaa koti jeupe. Sema kwa upole, lakini sema. Nawe nawa kwa sabuni kila ukibadilisha nepi, na usimshike mtoto wa kitanda cha jirani hata kama mama yake ametoka kidogo. Usimwage mkojo wala maji ya kuogea kwenye sinki la kunawia mikono. Uliza kila siku kama kanula au mpira wa mkojo bado unahitajika. Na sipro za kununua dukani bila cheti cha daktari, kwa kila mafua na kila kuharisha, ziache, maana zinawapa nafasi bakteria sugu utumboni.

Aliyebeba bakteria hawa akirudi nyumbani, hana sababu ya kutengwa. Anakula na wenzake, anakumbatiwa, mtoto anakwenda shule. Kinachotakiwa ni kunawa kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kugusa chakula. Baadhi hupoteza bakteria hao baada ya miezi kadhaa, wengine hukaa nao zaidi ya mwaka. Omba majibu ya maabara kwa maandishi, uyatunze pamoja na kadi ya kliniki, na uyaonyeshe mapokezi siku yoyote mtoto au mgonjwa wako atakapolazwa tena, hata kama ni hospitali nyingine.