Spika Kongwe Yenye Ukingo Mbovu

Ukikutana na spika ya miaka ya 1970 inayokoroma kwenye besi, usikimbilie kusema imeungua. Vua wavu wa mbele, kisha gusa koni pembeni, pale inaposhikana na fremu. Mara nyingi ukingo wa sponji utamong'onyoka na kukuachia unga mweusi unaonata kidoleni. Ugonjwa kwa kawaida ni huo tu. Karatasi ya koni ni nzima, koili ni nzima, na sumaku iliyo nyuma yake bado ina nguvu ya kumpigia muziki mjukuu wa aliyeinunua.

Sponji hiyo ni poliurethani. Watengenezaji waliipenda kwa wepesi na ulaini wake: huiacha koni iende mbele na nyuma kwa nafasi, na besi nzito haipatikani bila mwendo huo. Lakini unyevu wa hewani huvunja molekuli zake polepole, hata spika isipowashwa. Ndiyo maana spika iliyofungiwa stoo miaka 20 hutoka na ukingo uliooza sawa na ile iliyopigishwa kila wikendi.

Chukua JBL 4343, spika kubwa ya studio iliyotoka California mwaka 1976 na kupendwa mno majumbani kwa wasikilizaji wa jazi wa Japani. Besi yake ya inchi 15, iitwayo 2231A, ina ukingo wa sponji unaooza kama nilivyoeleza. Nyuma yake, hata hivyo, kuna sumaku ya alniko, yaani mchanganyiko wa alumini, nikeli, kobalti, chuma na shaba kidogo. Katika aina iliyotumika sana kwenye spika, karibu robo ya uzito ni kobalti.

Mzalishaji mkubwa wa kobalti duniani wakati huo alikuwa Zaire, yaani Kongo ya leo, na migodi yenyewe ilikuwa Katanga, kwa watu wanaozungumza Kiswahili. Mei 1978 waasi waliotokea Angola waliuteka mji wa Kolwezi. Wataalamu wa kigeni wakaondoka, uchimbaji ukavurugika, na bei ya kobalti ikapaa. Viwanda vya spika vya Marekani vikahamia sumaku za feraiti zisizohitaji madini hayo. JBL ililazimika kubuni upya umbo la sumaku ili sauti isipotoke, na 2231A ikapata mrithi, 2231H. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote ya kutozitupa spika hizi: jasho la wachimbaji wa Kongo limo ndani yake, na bado linafanya kazi.

Matengenezo yanawezekana juu ya meza ya nyumbani. Sponji ya zamani hukwanguliwa taratibu na mabaki ya gundi kufutwa kwa spiriti, bila kuilowesha karatasi. Kazi inayotaka utulivu ni kuiweka koili katikati. Koili hucheza ndani ya pengo la sumaku, na nafasi kila upande haifiki milimita moja. Fundi makini hukata kifuniko kidogo cha katikati ya koni, huchomeka vipande vyembamba vya plastiki kuizunguka koili, ndipo anapobandika ukingo mpya. Gundi ikauke usiku kucha. Asubuhi vipande hutolewa, na koni husukumwa ndani polepole kwa vidole vya mikono miwili, vikiwa pande zinazotazamana. Sikio liwe karibu kabisa. Mkwaruzo wowote, hata hafifu, maana yake koili inagusa chuma na kazi irudiwe.

Halafu jaribu betri ya volti 1.5. Kwenye spika nyingi, chanya ikigusa terminali nyekundu, koni husogea mbele. JBL za zama hizo huenda kinyume: koni hurudi nyuma. Asiyelijua hilo hugeuza nyaya zilizokuwa sahihi, na besi ikaharibika bila sababu.

Kepasita za elektroliti, kama zimo ndani ya kasha, nazo hukauka kwa umri. Badilisha kwa zenye maikrofaradi zilezile.

Usishawishike kuweka ukingo wa mpira kwa kuwa hauozi haraka. Mpira ni mzito, hubadilisha mwendo wa koni, na spika haitasikika tena kama ilivyoundwa. Tafuta sponji ya kipimo na ulaini uleule. Itadumu miaka 15 hivi, pungufu kidogo ikiwa unaishi kwenye unyevu wa Mombasa au Unguja, na zaidi ukiiweka mbali na jua la dirishani.