Fahamu: Ushirika wa madereva teksi ni nini, na kwa nini unabanwa?

Ni kampuni ya teksi ambayo madereva wenyewe ndio wenye hisa. Hakuna tajiri wa kupelekewa hesabu kila wiki: kila mwanachama hulipa ada ya kuendesha ofisi, na kinachobaki ni chake.

Mfano wa Denver

Katika mji wa Denver, jimboni Colorado, Marekani, Union Taxi ilianza mwaka 2009. Mwaka 2016 ikafuata Green Taxi, iliyoanza na wanachama takriban 800, kila mmoja akichangia dola 2,000. Wengi wao walikuwa wahamiaji, wakiwemo wa kutoka Afrika Mashariki. Kwa dereva aliyezoea kumlipa mwenye gari kabla ya kujilipa yeye, hatua hiyo ni kubwa.

Kikwazo cha kwanza: leseni

Kwa miaka mingi, kampuni mpya ilipaswa kupata kibali cha tume ya huduma za umma ya jimbo la Colorado, huku kampuni kongwe zikiruhusiwa kupinga ombi lake. Kesi za aina hiyo hula muda na fedha za mawakili, vitu ambavyo madereva hawana vya ziada. Masharti yalilegezwa mwaka 2015.

Kikwazo cha pili: programu za simu

Mwaka 2014 Colorado ilizihalalisha programu za kuitia gari za Uber na Lyft kwa sheria yao tofauti. Hizo hupandisha na kushusha nauli kulingana na wingi wa wateja. Teksi zilibaki na nauli zilizosajiliwa. Ushirika ukafunguliwa mlango wa soko wakati abiria wameshaanza kuondoka.