Kuchagua Gasketi ya Silinda Hedi kwa Injini Kuukuu ya Dizeli

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, injini ya dizeli iliyotumika kwa miaka mingi ingali tegemeo la watu wengi. Ndiyo isagayo mahindi, mtama na muhogo vijijini, na ndiyo iendeshayo magari ya mizigo kati ya Sirari, Tarime na Mugumu. Gasketi yake ikiungua, mwenye mashine hukosa kipato, na majirani hubeba nafaka hadi kijiji kingine. Hasara huzidi pale gasketi isiyofaa inaponunuliwa kwa haraka, ikaungua tena baada ya muda mfupi. Tunaeleza hapa mambo ambayo mlaji anapaswa kuyajua kabla ya kutoa fedha zake.

Unene

Gasketi hukaa kati ya bloku na hedi. Huzuia mgandamizo usivuje, na hutenga njia za maji na za oili. Injini ya dizeli haiwashi kwa cheche. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa. Kwa hiyo nafasi kati ya pistoni na hedi ni finyu sana, na hata sehemu ya kumi ya milimita ina uzito wake.

Katika injini nyingi za aina hii, pistoni ikifika juu kabisa huchomoza kidogo kupita uso wa bloku. Ndiyo sababu baadhi ya viwanda hutoa gasketi za unene mbalimbali kwa injini ileile, na kuzitofautisha kwa vitundu, mapengo madogo ukingoni, au herufi. Fundi hupima mchomozo wa kila pistoni kwa saa ya kupimia, huchukua kipimo kikubwa kuliko vyote, kisha hufuata jedwali la kitabu cha injini. Alama ya gasketi ya zamani hufaa kuwa mwongozo iwapo ndiyo iliyokuwa sahihi, na bloku, pistoni na konrodi hazijaguswa. Zikiwa zimeguswa, sharti kupima upya.

Gasketi nyembamba kupita kiasi huweza kuifanya pistoni igonge hedi au valvu. Iliyo nene kupita kiasi hupunguza mgandamizo: injini husumbua kuwaka asubuhi, hutoa moshi mweupe na hula dizeli zaidi. Wapo wanaoshauri gasketi nene kila hedi inapochongwa. Ushauri huo si sahihi daima. Hedi yenye uso bapa ikichongwa, nafasi kati yake na pistoni haibadiliki. Kinachobadilika ni kina cha valvu, ambacho lazima kipimwe, pamoja na unene wa hedi iliyobaki kulinganishwa na kikomo cha kiwanda.

Mali iliyotengenezewa

Gasketi yenye grafiti au nyuzi zilizoshikamana na bati huvumilia kasoro ndogo za uso wa bloku. Gasketi ya matabaka ya chuma ni imara, lakini hudai nyuso laini na zilizonyooka. Ikiwekwa juu ya bloku iliyokwanguliwa kwa msasa, huvuja. Kwa injini kuukuu ambayo bloku yake haijasawazishwa kwa mashine, tunashauri aina iliyotajwa na kiwanda. Gasketi za zamani sana huweza kuwa na asbesto, ambayo vumbi lake husababisha saratani. Zisikwanguliwe zikiwa kavu wala kupulizwa kwa upepo wa kompresa.

Kabla ya kufunga

Gasketi haiungui bila sababu. Rejeta, pampu ya maji, thamostati na kifuniko cha rejeta vikaguliwe. Mji wa Tarime uko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na huko maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 95 hivi za Selsiasi. Kifuniko kilichochoka hakihifadhi shinikizo, na maji huchemka mapema. Hedi ipimwe kama imepinda. Boliti zikazwe kwa spana yenye kipimo, kwa mpangilio wa kitabu. Zile ambazo kiwanda kimeagiza zitumike mara moja tu, zibadilishwe.

Wakati wa kununua

Nenda dukani ukiwa na namba ya injini na gasketi ya zamani. Linganisha matundu yote na alama za unene. Dai stakabadhi ya EFD, na umwombe muuzaji aandike aina ya kipuri. Mwombe fundi akuandikie vipimo alivyovipata. Fundi asiyepima hana msingi wa kuchagua unene. Tunza gasketi iliyoungua pamoja na boksi la mpya. Ukishuku kuwa umeuziwa kipuri bandia, toa taarifa kwa Tume ya Ushindani au kwa Shirika la Viwango Tanzania ukiwa na vielelezo hivyo, kwani pasipo stakabadhi malalamiko ya mlaji huwa magumu kuthibitika.