Je, wajua? Hesabu ya mfarishi iko mgongoni

Mfarishi ukitandikwa kitandani, sifa zote huenda kwa uso wake: nyota, pembetatu na miraba iliyoungwa kwa mamia ya vipande. Mgongo hauna anayeuangalia. Lakini huko Marekani, ambako kushona mifarishi kuna wapenzi wengi mno, mgongo ndio unaowatoa mafundi jasho.

Shida huanzia dukani. Pamba ya kazi hii huuzwa ikiwa na upana wa sentimita 107 hadi 112 hivi, karibu sawa na kitenge. Mfarishi wa kitanda kikubwa hufika sentimita 230 kwa 250 bila shida, na mgongo unatakiwa uzidi uso kwa sentimita 10 hivi kila upande. Mapana mawili hayafui dafu, kwa hiyo mgongo nao huungwa. Miaka ya 1930, uchumi ulipoanguka, familia nyingi za mashambani ziliunga migongo kwa mifuko ya unga: mfuko wa ratili 100 ukifumuliwa ulitoa kipande cha takriban sentimita 90 kwa 105.

Ile ziada ya sentimita 10 si ubadhirifu. Kila mstari wa cherehani unaopenya tabaka zote tatu, yaani uso, pamba ya kati na mgongo, hubonyeza kitambaa ndani ya pamba na kukivuta kidogo. Mistari ikizidi, mfarishi mzima hunywea, tena si kwa kiasi kimoja: paliposhonwa kwa kubanana hunywea zaidi. Hivyo mgongo uliowekwa katikati barabara kabla ya kushona unaweza kukutwa umehama kidogo kazi ikiisha.

Anayeshona nyumbani hukunja uso mara mbili, akatia alama katikati ya kila upande, kisha akafanya vivyo hivyo kwa mgongo. Mgongo hulazwa sakafuni kifudifudi, kingo zikabandikwa kwa utepe wa gundi. Uwe umenyooka bila kuvutwa. Uliovutwa hurudi mahali pake baadaye na kufanya makunyanzi. Pamba hufuata, halafu uso, alama kwa alama, ndipo pini au bandi zipigwe kutoka katikati kwenda nje.

Kabla ya hapo, ule ukingo mgumu wa kitambaa wenye maandishi ya kiwanda huwa umekatwa. Nyuzi zake zimebanana kuliko za kati, na ukiachwa ndani ya mshono unaweza kuubana hadi ukunjamane.

Kwenye mashine kubwa za rola mambo hugeuka. Mgongo huviringishwa kwenye bomba refu, yaani rola, na hapo mwelekeo wa mshono ndio kila kitu. Mshono ukilala sambamba na rola, hupita mara moja ukaisha. Ukiikata rola, kila mzunguko huuangusha juu ya mwenzake, unene ukapanda pale pale. Tuseme mizunguko 12, na kila mmoja unaongeza robo milimita: hiyo ni milimita 3 za unene, na mzunguko wa mwisho unakuwa mrefu kwa karibu sentimita 2 penye mshono kuliko pembeni. Kitambaa ni laini, kitajibana kidogo, lakini pembeni patalegea tu. Mshono uliopigwa pasi ukalazwa upande mmoja huongeza safu mbili badala ya moja, ndiyo maana mafundi wengi huufungua.

Ujanja mzuri kuliko wote, kwa mfarishi mdogo, ni wa kukata mshazari. Chukua kitambaa cha sentimita 110 kwa 250, ukikate kona hadi kona, kisha utelezeshe nusu moja kando ya mkato mpaka upana ufike 130. Urefu utapungua hadi 204 hivi, kabla ya kutoa nafasi ya mshono, na pembe mbili zitakazochomoza zitakatwa. Faida ni mbili: hununui pana la pili, na mshono wa mshazari hauangukii mahali pamoja kwenye rola. Tahadhari ni kwamba kitambaa kilichokatwa mshazari huvutika kama mpira, kwa hiyo hushikizwa kwa pini nyingi na kupigwa pasi kwa kubonyeza, si kwa kusukuma.

Siku hizi viwanda hutoa kitambaa cha mgongo chenye upana wa sentimita 274, kisichohitaji mshono wowote. Hata hivyo wapo wanaounga mgongo kwa makusudi, kwa masalio ya uso. Wenye uzoefu huuweka mstari wa vipande hivyo pembeni, mbali kabisa na katikati, ili mgongo ukihama kwa sentimita mbili pasiwe na wa kugundua.